UZI: Kona za pikipiki zifundishwe uwanjani na kwenye treki za mashindano, sio barabara ya Malindi

mlalakona_nyali

Salaam nyote. Wikendi asubuhi ukipita Mtwapa kwenda Kilifi utaziona pikipiki kubwa kwa ndogo, vijana wamevaa vizuri, na kwenye lami iliyonyooka wote ni hodari. Ngoja ije kona sasa. Mmoja anashika breki katikati ya kona, mwengine anatanuka mpaka anaingia upande wa matatu, mwengine amekaza mikono mpaka hendo, yani usukani, haipindi. Na wengi wao wana miaka barabarani, sio wanagenzi. Ni vile hakuna mtu aliyewahi kuwakalisha akawafundisha kona, mafunzo ya leseni ni kuzunguka koni spidi ya mtu kutembea, ukipita umepita, hayo mengine utajua mwenyewe huko mbele.

Mimi nasema hivi na niko tayari kubishana na yeyote: kona haifundishwi barabarani. Barabara ni mahali pa kutumia kile ulichokwisha jifunza. Kujifunza kwataka mahali ambapo waweza kurudia kona ile ile mpaka ikuingie, hakuna lori mbele, hakuna mbuzi, hakuna mchanga uliomwagwa jana usiku.

Chukueni hesabu hii. Pikipiki kulala, yani kuinamia upande, kiasi gani kwenye kona kunategemea vitu viwili, spidi yako na ukubwa wa duara la ile kona. Sio cc wala bei. Kona ambayo kutoka katikati ya duara lake mpaka kwenye lami ni mita 50, ukiipita na 60 km/h walala kama digrii 30. Ipite na 70 ishafika 38 hivi. Ipite na 80 ni digrii 45. Yani umeongeza 20 tu na mlalo umepanda nusu yake tena, na hio 45 yataka lami kavu, safi, na taya nzima, yani matairi mazuri, mchanga kidogo tu umeenda. Sasa njoo uwanjani, panga alama duara la upana wa mita 20, zunguka na 25 km/h. Hapo walala digrii 26 hivi, karibu sawa na ile kona ya 60. Macho yanafanya kazi ile ile, mikono kazi ile ile, taya kazi ile ile. Lakini ukianguka waanguka na 25, na kwa vile nguvu ya kishindo yaenda spidi mara spidi, kuanguka na 60 ni karibu mara sita ya kuanguka na 25. Ndo maana nawaambia hakuna sababu ya kwenda kujifunzia kule.

La kwanza kabisa ni hendo. Ukishavuka spidi ya mtu anayekimbia, pikipiki haigeuki kwa kuzungusha hendo upande unaotaka. Wataka kushoto, sukuma mkono wa kushoto mbele kidogo. Ndio, kushoto sukuma kushoto. Pikipiki itajilaza yenyewe. Wengi mwafanya hivo bila kujua na kwa hivo siku kona imebana ghafla mwashindwa, manake mtu akishikwa na hofu anavuta hendo kuelekea ndani ya kona, pikipiki inasimama wima na kuenda moja kwa moja mtaroni. Uwanjani fanyeni hili tu mpaka mkono usukume wenyewe bila kuuliza kichwa.

La pili ni breki kabla, mafuta, yani eksileta, baadaye. Spidi ya kona yamalizwa pikipiki ikiwa bado wima. Mshiko wa taya ni kama mtungi mmoja wa maji siku ambayo mifereji imekauka, ukiukogea wote hakuna wa kupikia. Ukitumia mshiko wote kwa breki haubaki wa kona. Ukishalala, fungua mafuta polepole mfululizo, hata kidogo sana, ili pikipiki itulie na uzito usilemee gurudumu la mbele. Usikate mafuta ghafla katikati. Na ukiona unatanuka, sukuma hendo zaidi na uangalie ndani, mara nyingi pikipiki ina uwezo uliobaki, ni wewe ndo umeisha.

La tatu ni macho lakini hilo namwachia mwengine aeleze manake kuna dada hapa analijua vizuri kunishinda. Ulizeni maswali.

boxa_wa_changamwe

Bro umeongea vizuri lakini sisi wa boda hii habari ya treki yatuhusu vipi. Mimi nina Boxer, breki za ngoma mbele na nyuma, siku nzima ni raundi ya Changamwe na Miritini na malori ya kontena, kwenye siti kuna mama na mtoto na gunia la viazi. Nani ataniacha nikalale kona na Boxer? Na hio siku moja ya mazoezi ni siku sijaleta unga nyumbani.

mlalakona_nyali

Kaka wewe ndo nakutaka kuliko wale wa pikipiki kubwa, nakwambia ukweli. Mwenye pikipiki ya mamilioni anapita kona ngumu Jumapili tu, wewe wapita siku nzima, na umebeba roho za watu.

Hakuna mtu atakwambia ulale na Boxer kama wale wa kwenye tivii. Wale wanazidi digrii 60 lakini taya zao zimepashwa moto kabla hawajatoka pit, pale pikipiki zinapotayarishwa kando ya treki, na lami yao hufagiwa. Boxer yako ukilala sana chuma cha stendi kitagusa lami, na chuma cha chini kikigusa chaweza kuinua gurudumu, hapo hakuna cha kuokoa. Mafunzo yako wewe ni mengine. Fika kwenye raundi na spidi iliyokwisha pungua, sio unapunguza ukiwa ndani. Breki za ngoma zataka uzianze mapema na uzibane polepole, mkono na mguu pamoja, na mbele ndo kunakosimamisha zaidi hata kama uliambiwa breki ya mbele inaua. Inaua ikikwapuliwa. Ikibanwa pole pole ukiwa wima, inakuokoa.

Na abiria, mwambie kabla hamjaondoka: "mama, nikilala na wewe lala na mimi, usijivute upande wa pili." Abiria anayejivuta juu kwenye kona anakulazimisha ulaze pikipiki zaidi ili upite pale pale. Halafu uzito wake wote uko nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, kwa hivo hata hendo haishiki vile ulivozoea ukiwa peke yako.

Nusu siku inatosha, asubuhi tu. Kama mko watu wa steji moja pangeni zamu, wengine wafanye kazi wengine wafanye mazoezi.

bi_duke390

Haya mimi nizungumzie macho, nshaitwa.

Nilienda treki ya Whistling Morans kule Athi River, pikipiki ikapandishwa kwa pikap kutoka Mombasa kwa sababu sikutaka kufika nimechoka na kilomita zaidi ya 400 mgongoni afu ndo nianze kujifunza. Kulikuwa na kona moja ya kulia, inaanza pana inaishia imebana, kila nikifika naangalia ile lami iliyo mbele ya gurudumu, kama mita tano hivi. Basi pikipiki inakwenda kwa vipande vipande, nashusha, nainua, nashusha tena. Kocha akaja akasimama nje ya lami upande wa kutokea, mahali salama, akaniambia usiiangalie pikipiki, ukifika pale pa kuanza kugeuka geuza shingo unitafute mimi. Shingo, sio macho tu, kidevu kije mpaka juu ya bega. Raundi iliyofuata nikamtafuta yeye, mkono wake umeinuliwa, glavu ya rangi ya machungwa, na pikipiki ikapita ile kona kwa mstari mmoja bila mimi kuirekebisha hata mara moja. Spidi ilikua ile ile!! Hakuna nilichobadilisha isipokua shingo.

Jicho likikwama kwenye kitu, mikono yafuata. Ukiangalia shimo utaingia shimoni, ukiangalia tuktuk utaigonga tuktuk. Hili halina kizungu. Angalia njia unayotaka kupita, sio kitu unachoogopa. Na kulijua kwa kichwa ni jambo jengine kabisa na shingo kulifanya ukiwa umeshtuka, hapo ndo pana kazi, na ile kazi yafanyika kwa kurudiarudia kona moja, barabarani utairudia vipi kona moja? Ugeuze Mazeras urudi, ugeuze urudi?

abuu_wa_tudor

Vijana nimewasoma. Mimi ni mtu mzima, pikipiki nimeanza zamani, za tustroki. Shida yangu na hizi treki ni hii: kijana anaenda huko anajifunza kulala, anarudi Nyali anaona yeye ni bingwa, sasa mazoezi yote anayaleta barabarani kwa watu na watoto wao wanavuka kwenda shule. Afadhali asiyejua akaogopa.

mlalakona_nyali

Shikamoo mzee wangu. Unalosema lipo na tusilifiche, wapo wanaorudi hivo.

Lakini anayeogopa naye anaanguka mzee. Kona ikimjia imebana kuliko alivodhani, woga wake ndo unaomfanya akabe breki akiwa amelala. Ninachoamini mimi ni kwamba kijana afundishwe mambo mawili pamoja, uwezo wa pikipiki na sheria tofauti za barabara. Kwenye treki laini, yani njia unayopita, ni yako yote, unaanza ukingo wa nje, unagusa ndani, unatoka mpaka ukingo wa nje. Ukiileta laini hio barabara ya Kombani kupanda Kwale utamkuta mwenye basi ameshafika kabla yako.

Sisi twaendesha kushoto, kwa hivo tuzitofautishe. Kona ya kulia, anzia upande wako wa kushoto ili uone mbali, lakini usikaribie ukingoni kabisa manake mchanga na changarawe vyote vimesukumwa pale. Afu chelewa kuingia ndani. Ukiwahi kuingia, taya zako zaweza kuwa upande wako wa mstari na kichwa chako kiko upande wa wenzako, kwa sababu umelala kulia, na lori linalokuja halijui hayo. Kona ya kushoto, kaa karibu na katikati upate kuona ndani ya kona, ila kukiwa na gari inakuja achana na kuona, rudi ndani ya laini yako.

Na spidi ya barabarani haipimwi kwa uwezo wa taya hata siku moja. Jiulize, lami ninayoiona mbele yangu naweza kusimama ndani yake? Na 60 km/h waenda karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, afu breki nzuri kwenye lami kavu, ushamaliza karibu mita 40. Kama kona yakuonyesha mita 25 tu basi 60 ni nyingi, hata uwe na pikipiki ya mashindano. Mtu aliyeenda treki vizuri anarudi akiwa mpole zaidi barabarani, kwa sababu sasa anajua kiasi anachobakisha na anakibakisha makusudi.

abuu_wa_tudor

Marahaba. Hilo la kubakisha nimelikubali. Waandikie hivo hivo wanapokuja, kabla hawajavaa helmeti.

ninja_wa_bamburi

Swali. Nikiangalia MotoGP, mashindano makubwa ya pikipiki ya dunia, wale wanaingia kona bado wameshika breki ya mbele. Binder yule wa Afrika Kusini, bingwa wa Moto3, daraja la pikipiki ndogo, 2016, anabreki mpaka karibu na ndani ya kona kabisa. Wewe wasema breki ziishe wima. Nani mkweli?

mlalakona_nyali

Wote, lakini kwa zamu. Kile wanachofanya ni kuiachilia breki kidogo kidogo kadri pikipiki inavolala. Shoki za mbele zikibonyea, taya ya mbele inatanuka kwenye lami na pikipiki inageuka upesi zaidi. Ukiiachia breki ghafla shoki zinaruka juu na pikipiki inatanuka. Kwa hivo mkono waachia polepole, mlalo waongezeka, ule mtungi wagawanywa hivo, breki ikipungua ndo kona inaongezwa.

Ni ujuzi mzuri na una faida hata barabarani siku kona ikikudanganya. Lakini ujifunze kwenye treki, na kocha, baada ya kuweza kupita kona kwa breki iliyoisha kabla. Anza na breki nyepesi sana, yani vidole viwili na nguvu ya kushika yai. Gurudumu la mbele likiteleza umelala hakuna muda wa kufikiri, ni wachache mno wanaoliokoa.

Na kama hujawahi kwenda treki usiogope kundi. Wanaopanga vizuri wanagawa watu kwa uwezo, wanagenzi peke yao, kila kundi dakika 15 au 20 kisha mnapumzika. Vioo vinatolewa au vinazibwa kwa tepu, taa pia zapigwa tepu ili zikivunjika vioo visitapakae. Usijali walio nyuma, anayetaka kupita ndo mwenye jukumu la kupita salama, wewe shika laini yako usibadilike badilike. Bendera ya manjano kuna hatari mbele, usipite mtu. Nyekundu kikao kimesimamishwa, punguza taratibu na urudi pit, usisimame ghafla kwenye lami. Nyeusi ukionyeshwa wewe, ingia, huenda pikipiki yako inavuja. Ukitoka inua mkono. Na kama hakuna ambulensi pale, usivae glavu, rudi nyumbani.

fundi_wa_buxton

Mmesahau chombo chenyewe.

Taya za bodaboda nyingi zinazokuja kwangu katikati zimekuwa bapa kwa ajili ya kwenda moja kwa moja kila siku, ukingoni zina hata zile nywele za kiwandani. Taya ya hivo ukiilaza inafika pale kwenye pembe ya ubapa inaanguka kwa ghafla, na mwenye pikipiki anadhani ni yeye hajui kuendesha. Badilisha kabla ya kwenda uwanjani. Na ukiweka mpya usiende kulala siku hio hio, juu bado inateleza, mpe kilomita mia hivi za upole, ukiongeza mlalo kidogo kidogo. Presha pima asubuhi taya zikiwa baridi, tazama kibandiko au kitabu, usitumie ya jirani.

Pili, inua gurudumu la mbele, zungusha hendo pole pole kushoto kulia. Ukisikia inashika katikati kama yaingia kishimo, beringi za shingo zimekwisha, na pikipiki hio haitatulia kwenye kona ufanye utakalo. Tatu, bahari. Chumvi hii ya hapa kwetu inakamata pini za kalipa, kile kinachobana pedi za breki, breki moja inabana nyingine hapana. Zifunguliwe zisafishwe. Na mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, na Mombasa unyevu tunao wa kutosha, yabadilisheni kila miaka miwili hata kama pikipiki haitembei.

boxa_wa_changamwe

Fundi hio ya taya bapa ndo yangu kabisa wallahi, huwa naihisi kwenye raundi, inaanguka upande. Nilidhani ni shoki.

Na mvua je? Masika yakianza hapa Changamwe lami inakua sabuni.

fundi_wa_buxton

Taya kwanza kaka, shoki baadaye.

mlalakona_nyali

Mvua ya kwanza ndo mbaya zaidi, mafuta ya malori yaliyokua kwenye lami yote yanainuka juu. Ikishanyesha kwa muda inaosha, mshiko unarudi kiasi. Kwenye maji kila kitu fanya polepole zaidi, breki, hendo, mafuta, na pikipiki iwe wima iwezekanavyo. Epuka kulala juu ya rangi ya zebra, na zile chuma za viungio vya daraja zipite ukiwa wima. Kushuka feri Likoni ile ngazi ya chuma ikiwa na maji ya chumvi usiguse breki ya mbele wala usigeuze hendo mpaka taya zote mbili ziwe kwenye zege. Mazoezi ya maji fanyeni uwanjani pia, mwageni ndoo mbili tatu mjaribu breki na 20 km/h, mwili ujue kuteleza kunavohisi.

bi_duke390

Kwa wanaotaka kuanza wikendi hii, tafuteni uwanja wa lami au zege wenye mwenyewe, muombe ruhusa kwa maandishi, sio parking ya umma. Fagieni wenyewe kwanza, mchanga wa Mombasa hauishi. Vaeni buti na jaketi la mikono mirefu na glavu hata kama ni duara la mita 20, viganja ndo vinatangulia chini. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nne mmalize, jua hili ndani ya jaketi mtu anaishiwa maji na akili inachoka kabla ya mikono. Raundi chache upande wa kushoto, chache kulia, pumzika, kunywa maji. Wengi mtaona upande mmoja mko sawa na mwengine mwagugumia, huo wa pili ndo wa kupewa muda zaidi.

boxa_wa_changamwe

Koni je dada? Hizo za barabarani ni bei.

bi_duke390

Usinunue, na usiweke mawe wala chupa, taya ikipanda juu yake umelala waanguka. Chukua mipira ya zamani ya tenisi, kata nusu, lalisha upande uliokatwa chini. Ukiikanyaga yabonyea tu. Mimi ninayo mfuko mzima nyumbani, nitumie ujumbe uje uichukue, utarudisha mkishamaliza.